Umeumia Kazini? Andika Tarehe Leo

Ndugu msomaji, chukua kalamu kabla hujaanza kusoma habari hii. Utaihitaji.

Mimi ni bwana shamba. Kazi yangu ni kahawa, migomba na mboga, katika vijiji vilivyo juu ya Kiboriloni, upande wa Old Moshi na Mbokomu. Sikusomea sheria. Nina cheti cha kilimo tu. Lakini mtu anayezunguka katika vihamba vya watu huona mambo mengi kuliko chulebuni na kutu ya majani. Huona pia watu walioumia kazini, wamekaa chini ya migomba, wanasubiri. Ukiwauliza wanasubiri nini, hawajui.

Nitakusimulia habari ya kijana mmoja. Jina lake silitaji, wala jina la mahali alipofanya kazi.

Ilikuwa mwezi Septemba. Nilikuwa napita sokoni Kiboriloni, pale kwenye mitumba. Nikamwona kijana anafunga furushi la nguo. Alishika kamba kwa mkono wa kushoto, akaivuta kwa meno. Mkono wa kulia aliuficha ndani ya koti, ingawa jua lilikuwa kali.

"Shikamoo bwana shamba," akasema.

"Marahaba. Mkono una nini, mwanangu?"

Akautoa. Vidole vitatu havikuwapo.

Kijana huyu alikuwa ameajiriwa katika shamba moja kubwa la kahawa. Kazi yake ilikuwa kusimamia mashine ya kumenya kahawa mbivu. Siku moja mkanda wa mashine uliruka. Akataka kuurudisha huku mashine inazunguka. Mkanda ukauvuta mkono. Wenzake wakazima mashine, lakini vidole vilikuwa vimekwenda.

Msimamizi wake hakuwa mtu mbaya. Alimpakia kwenye gari, akampeleka hospitali, akalipa dawa. Alimletea hata maziwa. Akamwambia, "Usiwe na wasiwasi. Ukipona tutazungumza habari ya fidia."

Kijana akafurahi. Akarudi kwa mama yake kusubiri kupona. Kidonda kilichukua muda mrefu. Msimu wa kahawa ukaisha, na mkataba wake ukaisha pamoja nao. Krismasi ikapita. Masika ikaja, ikapita. Hakuna mtu aliyeandika chochote.

Nikamwuliza, "Uliumia lini?"

"Wakati wa kahawa."

"Tarehe gani?"

Akatikisa kichwa.

Sasa, ndugu msomaji, hapa ndipo penye shida. Kijana alijua kila kitu. Alijua jina la mashine, jina la aliyeizima, na rangi ya gari lililompeleka hospitali. Kitu kimoja tu hakukijua, nacho ndicho ambacho sheria hukiuliza kwanza.

SHERIA INASEMAJE?

Tanzania Bara ina Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi. Ilitungwa mwaka 2008. Kabla ya hapo tulitumia sheria ya wakati wa ukoloni. Chini ya sheria ile ya zamani, fidia kubwa kabisa ya ulemavu ilikuwa shilingi 108,000. Fikiri mwenyewe, mtu anapoteza mkono wa kulia, anapewa shilingi 108,000.

Sheria mpya ilianzisha Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi. Watu wengi huuita kwa herufi tatu, WCF. Mfuko ulianza kazi tarehe 1 Julai 2015. Mwaka mmoja baadaye, tarehe 1 Julai 2016, ulianza kulipa mafao.

Fedha za Mfuko zinatoka wapi? Zinatoka kwa waajiri. Mwajiri ni mtu au chama au kampuni iliyokuajiri. Kila mwezi mwajiri analipa sehemu ndogo kwa hesabu ya mishahara anayolipa. Tangu Julai 2022 waajiri wa binafsi wanalipa nusu shilingi kwa kila shilingi 100 za mshahara, sawa na waajiri wa serikali. Wewe mfanyakazi hukatwi hata senti moja. Mtu akikuambia anakata mshahara wako kwa ajili ya Mfuko huu, mwulize vizuri, maana sivyo sheria inavyosema.

Sasa sikiliza habari ya tarehe.

Ukiumia kazini, mwambie mwajiri mapema iwezekanavyo. Unaweza kumwambia kwa mdomo au kwa maandishi. Mtu mwingine anaweza kumwambia kwa niaba yako. Mwajiri akishapata habari, ana siku 7 za kupeleka taarifa kwenye Mfuko. Na haki yako ya kulipwa inakufa kama miezi 12 itapita tangu siku ya ajali bila ajali hiyo kufikishwa kwa wanaohusika.

Miezi 12. Haihesabiwi tangu siku uliyopona, wala tangu siku meneja aliporudi safari. Inahesabiwa tangu siku ya ajali.

Kwa ugonjwa unaotokana na kazi hesabu ni tofauti kidogo. Ugonjwa hauna saa kama ajali. Huingia polepole. Mtu ananyunyizia dawa kwenye mashamba ya watu miaka mingi bila kinga, halafu kifua au ngozi inaanza kusumbua. Hapo miezi 12 huhesabiwa tangu ugonjwa ulipoanza, na mara nyingi hiyo ni siku ambayo daktari aliutambua. Basi siku daktari anapokuambia kwamba ugonjwa wako umetokana na kazi, mwombe aandike, na uitazame tarehe aliyoandika. Usiondoke chumbani kwake kabla hujaiona.

Na mfanyakazi akifa kwa ajili ya kazi, tarehe inayohesabiwa ni ya kifo. Nitarudi kwenye jambo hilo. Linaniuma.

MKEBE WA MAMA

Tulipanda mimi na kijana mpaka kwa mama yake. Nilimwuliza mama kama ana karatasi yoyote ya hospitali. Akasema hana. Halafu akakumbuka, akaingia ndani. Akatoka na mkebe wa biskuti, ule wa zamani wa bati.

Ndugu msomaji, ungeuona mkebe ule! Ndani mlikuwa na kadi za kliniki za watoto wote. Mlikuwa na risiti za kahawa za marehemu mume wake, nyingine zimekuwa za manjano. Wazee wetu walijua maana ya karatasi. Tangu wakati wa KNCU, chama kilichoanzishwa mwaka 1933, mkulima wa hapa alijifunza kutunza risiti. Kahawa imekwenda, nawe umebaki na kipande cha karatasi kinachosema kilo ngapi na siku gani. Malipo ya pili yakija, asiyekuwa na karatasi anabaki anabishana na karani.

Chini kabisa ya mkebe, karatasi ya hospitali. Imekunjwa mara nne. Aliingizwa tarehe 14 Oktoba.

Siku ile ilikuwa tarehe 22 Septemba. Tulihesabu kwa vidole. Kijana alihesabu kwa vya kwake vilivyobaki, akacheka, na mama yake akamkemea asicheke. Zilibaki siku 22.

Unaweza kusema siku 22 ni nyingi. Si nyingi. Toa Jumamosi na Jumapili. Toa siku ambayo karani hayupo. Toa siku ya mvua ambayo gari halishuki. Toa siku ambayo huna nauli.

Kijana akataka kusubiri. Akasema, "Bwana shamba, sina barua ya daktari. Sina karatasi ya mshahara. Mkataba ulibaki kwao. Ngoja nikusanye vyote kwanza, ndipo niende."

Hili ndilo kosa kubwa, nami nimeliona kwa watu wengi. Mtu anafikiri lazima awe na karatasi zote ndipo aanze. Wakati anakusanya, tarehe inapita. Anza na taarifa. Karatasi nyingine zitafuata.

Unajua zamu ya maji ya mfongo. Ukiwa na zamu yako, huwezi kusema, "Ngoja nimalize kwanza kutengeneza matuta yote." Maji yatakwenda kwa jirani. Unafungua mfereji kwanza, maji yakaingia kwako, halafu unarekebisha matuta ukiwa ndani ya maji.

Wenzetu wa mbali pia wamejifunza jambo hili. Huko Marekani, askari wa zamani aliyeumia jeshini anaweza kudai malipo ya ulemavu. Lakini kukusanya karatasi za hospitali na za jeshi ni kazi ndefu. Kwa hiyo tangu mwaka 2015 wana fomu fupi ya kusema tu, "Nina nia ya kudai." Siku fomu ile inapopokelewa, tarehe inashikwa. Askari anapewa mwaka mmoja wa kukamilisha madai. Akikamilisha ndani ya mwaka ule na madai yakakubaliwa, malipo yanaweza kuhesabiwa tangu tarehe ile ya kwanza. Mwaka ukipita, tarehe ile inapotea, anaanza upya. Sheria yetu si hiyo. Sisi tuna taarifa na tuna miezi 12. Lakini tarehe ni tarehe, iwe Marekani au Mbokomu.

Hata babu zetu waliokwenda vita ya mwaka 1939 hadi 1945 na jeshi la KAR waliliona. Walirudi na cheti cha kuachishwa jeshi. Wengine walikihifadhi, wengine kililiwa na mchwa. Mwaka 2018, miaka 73 baada ya vita kwisha, serikali ya Uingereza ilitangaza fedha za kuwasaidia askari wa zamani maskini wa nchi za Jumuiya ya Madola. Wengi walikuwa wamekwisha kufa. Mzee aliyekuwa bado hai na karatasi yake mkononi alikuwa na pa kuanzia.

BARUA

Usiku ule tuliandika barua. Nilitaka kumwandikia, mama akakataa. Akasema, "Aandike mwenyewe." Kijana aliandika kwa mkono wa kushoto, polepole, kwa herufi kubwa kubwa kama mtoto wa darasa la kwanza. Ilimchukua zaidi ya saa moja. Akaandika na nakala ya pili. Nakala maana yake ni barua ile ile, iliyoandikwa tena.

Barua yenyewe ilikuwa hivi. Ikate uiweke, au uinakili katika daftari lako.

Jina langu ...............
Kijiji na sanduku la posta ...............
Tarehe ya leo ...............

Kwa Meneja,
...............

TAARIFA YA KUUMIA KAZINI

Mimi ............... niliyeajiriwa kwako kazi ya ............... nakuarifu kwamba niliumia kazini tarehe ............... saa ............... mahali panapoitwa ............... Nilikuwa nafanya kazi ya ............... Niliumia ............... (taja kiungo). Walioona ni ............... na ............... Nilitibiwa katika hospitali ya ............... tangu tarehe ............... Naomba upeleke taarifa hii kwenye Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi. Karatasi zinazopungua nitazileta.

Sahihi yangu ...............

Imepokelewa na ............... Tarehe ............... Muhuri

Ni hivyo tu. Usieleze ugomvi, wala usimtukane msimamizi. Usiandike kwamba mashine ilikuwa mbovu kama huna hakika. Sheria hii haikuulizi nani mwenye kosa. Inauliza kama uliumia ukiwa kazini, kwa ajili ya kazi. (Lakini jihadhari na kitu kimoja. Mtu aliyekunywa mbege akaenda kushika mashine anaweza kujinyima mwenyewe. Kuvunja taratibu kwa makusudi kunaweza kuharibu madai.)

Kesho yake asubuhi tulikwenda shambani kwa mwajiri. Karani akaipokea barua, akaiweka juu ya meza. Akasema, "Acheni hapa. Meneja hayupo."

Mimi nilikuwa tayari kuondoka, kwa adabu. Kijana hakuondoka. Akasema, "Naomba upige muhuri kwenye nakala yangu, uandike na tarehe ya leo."

Karani akasema muhuri uko kwa meneja. Kijana akasema, "Basi tutamsubiri." Tukakaa kwenye benchi. Saa nne. Saa sita. Wafanyakazi wakala chakula chao. Ilipofika saa nane karani akachoka kutuona, akavuta saraka ya meza, akatoa muhuri. Ulikuwa mle mle tangu asubuhi.

Tazama jambo hili. Taarifa ya mdomo inakubalika. Lakini maneno hayana tarehe. Yule msimamizi aliyeleta maziwa alikuwa amekwisha kuhamia mkoa mwingine. Kama yeye angesema hakumbuki, nani angemkumbusha? Nakala yenye muhuri haisahau. Wazee walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Walikuwa wanasema habari ya duka, lakini hata kidole ni mali.

Mwajiri akikataa kabisa kupokea, usipigane naye. Nenda na shahidi. Andika nyuma ya barua siku uliyokwenda, saa, na jina la aliyekataa. Shahidi aweke sahihi. Halafu nenda moja kwa moja ofisi ya kazi ya mkoa, Moshi mjini, ueleze. Sheria inaruhusu taarifa ifike kwa Mfuko wenyewe pia, si lazima ipite kwa mwajiri anayeikataa.

Sisi, ingawa tulikuwa na muhuri, tulikwenda ofisi ya kazi siku ya pili. Sikutaka kutegemea zile siku 7 za mwajiri. Huenda angezitumia vizuri, huenda angezisahau. Afisa pale alitusikiliza, akatazama karatasi ya hospitali, akatazama kalenda ukutani. Akasema, "Mmewahi." Neno hilo moja tu. Mama alipoelezwa jioni alikaa chini.

KILICHOFUATA

Yaliyofuata yalikuwa marefu. Fomu ya mwajiri. Fomu ya daktari. Karatasi za mshahara. Namba ya kitambulisho cha Taifa. Karatasi moja ilirudi kwa sababu jina la kijana liliandikwa tofauti na la kwenye kitambulisho. Kwa jambo dogo kama hilo tulipoteza wiki kadhaa. Tazama jina lako, ndugu msomaji. Liwe lile lile kwenye mkataba, hospitali na kitambulisho. Kijana alishuka mjini mara nyingi, wakati mwingine kwa miguu. Lakini hakuwa na hofu tena. Tarehe ilikuwa imekwisha kuwekwa, na madai yaliingia kabla ya tarehe 14 Oktoba. Mambo mengine yalikuwa ya kurekebisha tu.

Madaktari walipima ulemavu wake. Ulemavu hupimwa kwa asilimia, yaani kwa sehemu za 100. Ulemavu wa kudumu usiozidi asilimia 30 hulipwa kwa mkupuo, maana yake fedha zote mara moja. Ukizidi asilimia 30, mtu hulipwa pensheni kila mwezi. Vidole vitatu havikufikisha asilimia 30. Alilipwa kwa mkupuo.

Kuna mafao mengine, nami nitayapitia haraka. Mfuko hulipia matibabu. Mtu aliyeumia akashindwa kufanya kazi kwa muda hulipwa sehemu 70 katika 100 za mshahara wake. Kama mshahara ni shilingi 300,000 kwa mwezi, piga hesabu, ni shilingi 210,000. Malipo haya hayazidi miezi 24. Aliyeumia sana hata hawezi kula au kuoga bila msaada, kuna posho ya anayemhudumia. Kuna msaada wa kumrudisha mtu katika kazi na maisha. Kuna msaada wa mazishi. Na kuna malipo ya wategemezi, yaani mke au mume na watoto wa marehemu.

MJANE

Nilisema nitarudi kwenye jambo hili.

Mama mmoja alikuja kwangu mwaka uliofuata. Alikuwa amesikia habari ya kijana. Mume wake alikuwa utingo wa lori. Lori lilipinduka safarini, akafa. Mwenye lori alileta jeneza na mchele wa matanga, akatoa na fedha kidogo. Watu walimsifu.

Mama alipotaka kuuliza habari ya fidia, wakwe walimwambia angoje kwanza. Si vizuri kuzungumza fedha wakati wa msiba. Baadaye ukaja ugomvi wa kihamba, nani akae, nani atoke. Ugomvi ule ulichukua miezi. Ulipokwisha, mama akaanza kutafuta karatasi.

Alikuja na karatasi zote, bila kasoro. Cheti cha kifo. Cheti cha ndoa. Vyeti vya kuzaliwa vya watoto watatu. Barua ya mtendaji wa kijiji. Fomu ya polisi ya ajali. Amezipanga vizuri ndani ya mfuko wa plastiki. Kuliko kijana yule mara kumi.

Nikatazama cheti cha kifo. Nikahesabu. Miezi 14.

Nilimwuliza kama mwenye lori aliandika taarifa yoyote. Tulikwenda kuuliza. Hakuandika. Tulikwenda mjini hata hivyo, maana mtu asijihukumu mwenyewe, aende akasikie. Alielezwa kwa upole kwamba muda umepita.

Tulipanda gari pamoja kurudi Kiboriloni. Mama hakulia. Aliuliza swali moja tu. "Kumbe ningekwenda na barua tupu, siku ya arobaini, ingetosha kuanzia?"

Nilimwambia ndiyo.

Kwa hiyo nasema wazi, hata kama wazee watanikasirikia. Kutoa taarifa ya kifo si kuvunja heshima ya msiba. Mtu wa ukoo anaweza kwenda kwa niaba ya mjane. Kaka wa marehemu anaweza kuandika barua ile wakati wanawake wanapika. Ugomvi wa kihamba unaweza kusubiri, hauna miezi 12. Na mwajiri anayeleta jeneza anafanya jambo jema, lakini jeneza si taarifa.

MASWALI YA WASOMAJI

Nikieleza habari hii mikutanoni, watu huniuliza maswali. Nitajibu machache.

"Mimi ni mkulima. Nilianguka kutoka kwenye mparachichi wangu. Nitalipwa?" Hapana. Sheria hii ni ya mtu aliyeajiriwa. Ukiwa kwenye kihamba chako, wewe mwenyewe ndiye bosi. Lakini kama uliajiriwa na mtu kuchuma maparachichi yake ukaanguka, hiyo ni kazi. Andika tarehe.

"Mimi ni kibarua, sina mkataba wa maandishi." Usijikatie tamaa mwenyewe kwa sababu ya jina la kibarua. Toa taarifa ndani ya muda, halafu wenye kazi hiyo wapime. Tafuta kinachoonyesha kwamba ulikuwa kazini. Inaweza kuwa daftari la mahudhurio, ujumbe wa malipo kwenye simu, au wenzako wawili. Ujumbe wa malipo una tarehe ndani yake, usiufute! Vijana wanaopanda mlimani kubeba mizigo ya watalii, nanyi sikilizeni. Mguu ukiteguka huko juu, mwambie kiongozi wa msafara siku ile ile, na mtumie ujumbe kwenye simu mara mtandao unapopatikana.

"Mwajiri wangu hakujisajili kwenye Mfuko." Kujisajili ni wajibu wake kwa sheria. Asipojisajili ni kosa lake, si lako. Hiyo ni sababu ya kwenda ofisi ya kazi, si sababu ya kukaa nyumbani.

"Niliumia kidogo tu, nikapona." Toa taarifa hata hivyo. Mimi mwenyewe nilianguka na pikipiki ya kazi wakati wa masika, kwenye utelezi wa kupanda Old Moshi. Goti likavimba. Niliandika barua siku ile ile, mke wangu akanicheka kwamba naandikia goti barua. Goti limepona. Lakini likirudi kuvimba, barua ipo kwenye faili, na tarehe ipo juu yake.

"Nimeambiwa madai yangu yamekataliwa. Nifanye nini?" Kukataliwa si mwisho. Kuna njia ya kupinga uamuzi. Lakini kupinga nako kuna siku zake. Basi unapopokea barua ya kukataliwa, andika juu yake siku uliyoipokea, na siku hiyo hiyo uliza, "Nina siku ngapi za kupinga?"

Yule kijana bado yuko Kiboriloni. Kwa fedha zile alinunua mtamba mmoja wa maziwa, akajenga na banda. Nilimsaidia kuchagua, maana hiyo ndiyo kazi yangu hasa. Mitumba pia anauza. Sikuhizi mkono hauuweki ndani ya koti. Na mkebe wa biskuti umehama, sasa uko kwake. Vijana wa mashambani humletea karatasi zao awatazamie tarehe.

Ofisi ya kazi iko Moshi mjini. Kama ofisi nyingine za serikali, hufunguliwa saa 1:30 asubuhi na kufungwa saa 9:30 alasiri, Jumatatu hadi Ijumaa. Nenda asubuhi. Chukua karatasi ulizo nazo, hata kama ni moja. Chukua kitambulisho, na nakala mbili za barua. Na beba kalamu yako, maana pale huwa kuna moja tu, nayo imefungwa kwa uzi.